Aliyefuta Ni Ruti

Mwanangu Mabula,

Ya blanketi, ya chandarua, ya kutokula chipsi kila siku na ya kwenda kanisani, shangazi yako ameshayamaliza. Nilikuwa jikoni nikimsikia, na wewe ukijibu "ndiyo shangazi" kwa sauti ya mtu anayesubiri mvua ikatike. Sina la kuongeza hapo. Mtu mzima wa miaka ishirini na minne asiyejua kujifunika, Runzewe haitamfundisha.

Umetoka kwenda kuaga wenzako huku mitaani Kambarage na jua bado liko juu. Nimekaa mezani kwako, naandika kwa kalamu, kwa sababu nikiandika kwa kompyuta nitafuta. Najijua.

Kesho unakwenda kuanza kazi kwenye kituo cha afya cha Runzewe, chini ya mwanamke anayeitwa Restituta. Siku ya usaili mliongea kwa simu, ukaja ukaniambia, "Mama, yule bosi ni mkali lakini kazi anaijua." Nikasema, "Vizuri," nikaendelea kuchambua mchele. Kwa neno hilo moja nilikudanganya. Restituta namfahamu. Tulikaa ofisi moja miaka mitatu, na alifukuzwa kazi kwa kosa lililokuwa langu.

Sasa umejua. Yaliyobaki ni namna ilivyokuwa, na nakuomba usome yote, hata pale utakaponionea aibu. Mimi nimeshajionea kabla yako.

Ulikuwa kidato cha nne, unakaa na shangazi, mimi niko Geita nikija nyumbani mwisho wa mwezi. Ile maabara niliyokuwa nikikwambia "ofisini" ilikuwa ya mtu binafsi, ya kupima mawe. Wachimbaji wadogo walileta mawe kwenye viroba, yanasagwa, yanachomwa, yanapimwa kama yana dhahabu na ni kiasi gani, mwenyewe anapewa cheti. Mimi niliajiriwa kushika kompyuta. Ilikuwa seva moja tu, imewekewa chumba chenye kiyoyozi wakati sisi binadamu tulikuwa tunajipepea kwa makasha ya karatasi. Ndani yake kulikuwa na programu tano: ya mapokezi, ya mizani, ya kuchapa vyeti, ya kutuma ujumbe kwa wateja, na hifadhidata iliyobeba matokeo ya kila jiwe.

Kila programu ilikaa kwenye kontena lake. Kontena unalijua, lakini acha nieleze nilivyokuwa nikilielewa mimi, maana humo ndimo upumbavu wangu ulimokaa. Nilidhani ni chumba chenye kuta. Programu inaishi humo na vitu vyake, haimwoni jirani, ikiharibika unabomoa na kujenga nyingine kwa dakika moja. Faili moja fupi linaeleza vyumba vyote vitano na namna vinavyosaidiana. Unaandika amri moja, vyote vinasimama pamoja. Nilijiona nimejenga mji.

Kumbe kuta zenyewe hazimzidi nguvu aliyezisimamisha. Mimi nilizisimamisha kwa mamlaka ya ruti, yule mtumiaji mkuu ambaye mashine haimkatalii chochote. Aliyekuwa ruti ndani ya kontena alikuwa ruti nje vilevile. Na ilikuwa raha. Mashine ikisema huna ruhusa, unaingia kama ruti, inanyamaza. Kontena la vyeti lilipolalamika kwamba haliwezi kuandika kwenye folda fulani, nililifungulia diski nzima ya mashine, nikaenda kunywa chai.

Restituta alikuwa amekuja miezi michache baada yangu, binti wa Ushirombo, kutoka familia ya wakulima wa mpunga, mwenye kalamu mbili mfukoni kila siku kana kwamba moja itamsaliti. Alisoma lile faili langu, akaniuliza kwa heshima, "Shikamoo dada. Hivi hili la vyeti linahitaji diski nzima kweli?"

"Linafanya kazi au halifanyi?"

"Linafanya."

"Basi."

Ndivyo nilivyokuwa nikifundisha. Mwalimu wa "basi".

Na kabla hujacheka, juzi nilipita nyuma yako hapa hapa mezani. Mashine ilikukatalia jambo. Hukusoma imekukatalia nini wala kwa nini. Uliandika lile neno la kuomba mamlaka ya ruti, ukarudia amri ile ile, ukaendelea kutafuna karanga. Nilikudharau, mwanangu, kwa muda mfupi tu, kwa sababu nilimtambua niliyekuwa nikimwona.

Neno la siri la ruti tulikuwa nalo watu watatu. Mimi, Restituta, na meneja wetu, ambaye tulimwita Injinia ingawa sikuwahi kumwona akigusa mashine yoyote isipokuwa rimoti ya kiyoyozi. Yeye alilidai siku ya kwanza. "Haiwezekani niwe meneja halafu kuna mlango sina ufunguo wake," alisema. Alilikunja kwenye kikaratasi, akakiweka kwenye pochi nyuma ya kitambulisho, na wageni wakija alikuwa akiigonga pochi ile na kusema, "Mfumo mzima huu hapa." Angeambiwa aandike amri moja tu, angetoka jasho. Watu wa namna ile ni wengi kuliko unavyodhani, na utawaona. Hawataki kufungua mlango. Wanataka ijulikane kwamba wanaweza.

Restituta alipendekeza kila mtu awe na jina lake kwenye mashine, aingie kwa jina hilo, na programu nazo ziendeshwe kwa jina la mtumiaji wa kawaida. Alikuwa amesoma kwamba inawezekana. Nilimwambia, "Tuko watatu tu hapa, tunajuana." Injinia alicheka, akasema majina ni ya shule ya msingi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, adhuhuri, mvua imetoka kunyesha. Diski ilikuwa imejaa na vyeti vimegoma kuchapwa. Pale mapokezi alikuwa amekaa mama mmoja, Bi Holo, kiongozi wa kikundi cha akina mama waliokuwa na duara lao, yaani shimo la kuchimbia, upande wa Runzewe. Kwa msimu mzima walikuwa wanaleta mawe, kila wanapochimba hatua kadhaa wanaleta, ili ionekane mwamba wenye dhahabu unaelekea wapi. Kuna mtu mwenye pampu za kuvuta maji alikuwa ameahidi kuingia ubia nao, kwa sharti moja: aone vyeti vyote pamoja, vya mwanzo hadi vya mwisho. Jiwe la mwisho lilikuwa limepimwa asubuhi ile. Bi Holo, ambaye vyeti vyake vilikuwa vinasubiri kutolewa vyote kwa mkupuo, alikuwa amekuja kuvichukua, amevaa kitenge kipya.

Nilitaka kumwahi. Niliingia ndani ya kontena la vyeti, nikaona folda kubwa yenye jina nisilolikumbuka, nikasema moyoni haya ni makapi ya vyeti vya zamani, na tena niko ndani ya kontena, humu hata nikiharibu nitajenga upya. Nikaandika amri ya kufuta.

Ilichukua muda mrefu mno. Makapi hayachukui muda ule. Folda ile haikuwa ya kontena; ilikuwa ya mashine, iliyoingia humo kupitia mlango nilioufungua mwenyewe ili nikanywe chai. Niliyafuta matokeo ya msimu mzima. Na nakala za akiba nilikuwa nazihifadhi kwenye diski hiyo hiyo, folda iliyo ndani ya folda hiyo. Ndiyo. Soma tena ukitaka, nimeandika hivyo hivyo.

Nilitoka nje kunawa mikono. Sijui kwa nini kunawa.

Kabla ya saa nane Injinia alituita ofisini kwake. Kumbukumbu za mashine alikuwa nazo kwenye karatasi; nilimtolea mimi mwenyewe kwa sababu hakujua zinatolewaje. Ilionekana saa, ilionekana amri, na ilionekana aliyeiandika. Aliyeandika ni ruti.

"Ruti ndiye nani?" aliuliza.

Nilimwona akigusa mfuko wa suruali, pale penye pochi, halafu akaondoa mkono haraka. Alikuwa ameogopa kwamba ni yeye. Mpaka leo nikimkumbuka Injinia namkumbuka na sura ile, ya mtu anayejiuliza kama kikaratasi kinaweza kufuta vitu chenyewe.

"Nani alikuwa kwenye mashine saa sita na kitu?"

Restituta akasema, "Mimi niliingia saa hiyo. Nilikuwa naangalia kwa nini vyeti havitoki. Ila sikufuta kitu."

Alisema ukweli. Aliingia kweli, kwenye kompyuta ya mapokezi, kwa neno la siri lile lile. Na mimi, mwanangu, nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake, mikono chini ya meza, na nikanyamaza. Ningeweza kukuandikia kwamba nilipigwa na bumbuwazi. Sikupigwa. Nilikuwa na muda wa kutosha kufikiri. Nilifikiri kwamba una mtihani mwaka ule. Nilifikiri kwamba Restituta hana mtoto. Nilifikiri kwamba jina langu halipo kwenye karatasi. Hilo la tatu ndilo lililoniamulia; mawili ya kwanza nilijipamba nayo baadaye.

"Kwa hiyo ulikuwa wewe," Injinia akasema, na nilisikia pumzi ikimtoka.

"Nimesema niliingia. Sikusema nilifuta."

"Kuna mwingine aliyeingia?"

Restituta akanigeukia. Hakuwa ananishtaki, alikuwa ananisubiri. Nikatazama dirishani.

Alifukuzwa jioni ile. Alipanga vitu vyake kwenye mfuko wa rambo, akaniambia, "Kwaheri dada," kwa adabu ile ile ya siku zote, akapanda bodaboda.

Bado kulikuwa na Bi Holo. Injinia hakutaka ijulikane kwamba maabara imepoteza matokeo ya watu, akatoka mapokezi na uso wa huruma, akamwambia kwamba sampuli zake hazionekani kwa sababu huenda kikundi kilikosea kuandika namba kwenye viroba.

"Niliandika mwenyewe," Bi Holo akasema. "Kwa mkono wangu."

"Ndiyo mama, lakini kukosea ni kwa binadamu."

"Basi nirudishiwe mawe, yapimwe upya."

"Yalishasagwa, mama."

Bi Holo akanitazama mimi, mwanamke mwenzake. "Mayu, mama yangu, ni kweli niliandika vibaya?"

Nikatikisa kichwa juu na chini. Sikusema neno. Unaona nilivyokuwa hodari wa kutosema.

Hawakuweza kuchimba mengine. Mvua ilishajaza duara lao maji, na bila vyeti mwenye pampu hakuja. Kikundi kilivunjika kabla ya pamba kuvunwa.

Mimi nilikaa pale mwaka mmoja zaidi. Nilipewa hata barua ya pongezi kwa "kurejesha mfumo katika hali yake", kwa sababu niliyainua makontena yote matano upya ndani ya saa moja, matupu. Halafu nikarudi Shinyanga na kuanza kujiita mshauri wa usalama wa mifumo. Usicheke. Nilichapisha hata kadi. Katika mji wetu huu ukiwa na begi la kompyuta, viatu visivyo na vumbi na maneno manne yasiyoeleweka, mtu atakuita ukague mashine yake. Nilikagua mashine za watu wenye pamba, za shule, za maduka ya dawa. Kila nilipofika, jambo la kwanza nililodai ni neno la siri la ruti, na wote walinipa, wengine kwa kunisomea kwa sauti mbele ya wateja.

Ndivyo nilivyofika Runzewe. Wenye vituo vya afya waliniajiri nikague kompyuta zao, kituo baada ya kituo. Niliingia kwenye kile cha Runzewe asubuhi, na aliyenyanyuka nyuma ya meza alikuwa Restituta.

Hakuniamkia. Unajua malezi ya kwao. Mtoto wa Ushirombo haanzi kuongea na mkubwa bila shikamoo. Yeye alisema, "Karibu. Kile kiti kina mguu mbovu, kaa hiki."

Nikakaa. Nikafungua begi langu la kitaalamu. Na kwa kuwa sikuwa na neno lingine kinywani, nikasema lile nililozoea, "Naomba neno la siri la ruti."

"Sina," akasema.

"Analo nani?"

"Yuko mtaalamu makao makuu. Sijawahi kuwa nalo tangu nifike hapa. Na wewe hulihitaji."

Mashine yake ilikuwa moja, ya zamani, kasha limepasuka na limefungwa kwa utepe wa hospitali. Juu yake ziliendeshwa programu za mapokezi, maabara, chumba cha dawa, kliniki ya mama na mtoto, na hifadhidata. Tano kama zangu. Zote ndani ya makontena, zote zikisimama kwa faili moja na amri moja, na zote kwa jina la mtumiaji wa kawaida anayeitwa restituta.

Nilimuuliza aliwezaje. Akanieleza bila kunitazama, huku manesi wakiingia na kutoka. Alipofika aliajiriwa kama mtu wa mapokezi; aliomba mamlaka makao makuu, akajibiwa kwamba watu wa mapokezi hawapewi ruti. Hakubishana. Aliomba vitu viwili tu, vifanywe mara moja: awekewe namba za watumiaji za ziada, ili watumiaji wa ndani ya makontena yake wapate namba zao, zisizo za mtu mwingine kwenye mashine, na aruhusiwe programu zake ziendelee kufanya kazi hata yeye akitoka kwenye mashine. Yule mtaalamu alifanya la kwanza, la pili akalisahau wiki tatu. Maana mtumiaji wa kawaida akitoka, vyake vyote vinalala. Kwa hiyo kila Restituta alipofunga kazi, mapokezi yalikufa, na chumba cha dawa kikafuata. Manesi walikuwa wanasema kompyuta inamfuata Restituta nyumbani. Alikuwa anaiacha wazi, amefunga kioo tu, na kikaratasi juu yake: "Msizime, mnazima hospitali." Alipiga simu makao makuu kila asubuhi mpaka yule mtu akafanya, nadhani kwa kuchoka.

"Na mlango?" nikamuuliza. Kila programu hupokea kompyuta nyingine kupitia mlango wa mtandao wenye namba, na ile yenye namba ndogo, ambayo tovuti husikiliza, mtumiaji wa kawaida hakubaliwi kuifungua.

"Nilitumia namba kubwa. Nikaiandika kwenye karatasi nikabandika kila chumba. Watu wanaweza kusoma namba yenye tarakimu nne, si wajinga."

Halafu akaniambia nisogeze kiti. Akaingia ndani ya kontena la chumba cha dawa. "Hapa naitwa ruti. Ona." Kweli, kontena lilimwita ruti. Akafungua dirisha jingine. "Na huku nje mashine inamwonaje yule ruti? Ona." Huku nje kontena lote lilikuwa limeandikwa restituta. Mamlaka yake yaliishia mlangoni pake.

"Sasa futa kitu cha mashine," akasema, akanisogezea kibodi. "Ukiwa humo humo ndani. Wewe si unajua kufuta."

Niliandika. Mashine ikanikatalia. Nikajaribu folda nyingine, ikanikatalia. Nikaenda folda ya hifadhidata, ambayo alikuwa ameiweka chini ya mojawapo ya zile namba za ziada, si chini ya jina lake, ili hata yeye asiiguse kwa bahati mbaya, ikanikatalia. Niliyatazama maneno yale ya kukataliwa, ambayo maisha yangu yote nilikuwa nikiyachukulia kama tusi, machozi yakanitoka mbele ya manesi wawili na mtoto mchanga.

"Vyangu mwenyewe naweza kuvifuta," akasema Restituta. "Hilo halizuiliki, ndiyo maana nakala naziweka kwenye diski inayokaa kabatini kwa Sista, mkuu wa kituo. Lakini cha mwenzangu siwezi. Na nikifanya kosa, litaandikwa kwa jina langu."

Nikamwambia, "Siku ile nilikuwa mimi."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Uliweka mikono chini ya meza. Wewe unaongea kwa mikono, dada, hata ukiomba chumvi."

Lile neno dada lilinichoma zaidi kuliko kama angenitukana. Nikaanza kumwomba msamaha, maneno mengi, na yeye akaninyamazisha kwa kuinua kalamu.

"Mimi nilipata kazi nyingine. Nilikaa kwetu mwaka mzima nikilima na kaka zangu, watu wakiulizana kwa nini niliachishwa, lakini nilipata. Usinililie mimi. Kamwandikie Injinia. Halafu umtafute yule mama wa viroba. Yuko hapa hapa sokoni, anauza dagaa."

Injinia nilimwandikia barua ya kurasa mbili, nikaeleza kila kitu, nikamwomba amsafishe Restituta kwa maandishi. Alinijibu kwa ujumbe wa simu: "Asante kwa taarifa. Tusonge mbele." Nilisikia baadaye kwamba mpaka anaondoka pale kile kikaratasi kilikuwa bado kwenye pochi. Sitampotezea wino zaidi.

Kwa Bi Holo nilikwenda kwa miguu, kutoka kituoni mpaka sokoni, na ni karibu, lakini nilisimama mara tatu nikijifanya naangalia bei za vitambaa. Alinitambua. Alinipa stuli. Nilimweleza kwa maneno mepesi: kwamba hakukosea namba, kwamba mimi ndiye niliyefuta, kwamba nilijua alipokuwa ananiuliza.

Alikuwa anapanga dagaa kwenye mafungu, akaendelea kupanga mpaka fungu likaisha.

"Kwa hiyo niliandika sawasawa," akasema.

"Uliandika sawasawa."

"Wenzangu waliniambia mimi ndiye niliyewaponza. Kwamba nilijifanya nimesoma, nikashika kalamu, nikaharibu. Mmoja ni mdogo wangu wa tumbo moja. Hatujaongea." Akaanza fungu jingine. "Na mimi niliwaamini. Nimeacha kuandika. Hata hapa hesabu zangu anaandika mtoto wa jirani."

Nikasema niko tayari kwenda kwa huyo mdogo wake na kwa wote, nyumba kwa nyumba.

"Utakwenda," akasema. Hakuwa anauliza. Kisha akaniuliza lile nililokuwa naliogopa kuliko yote: "Na mawe yangu, yalikuwa na dhahabu?"

Mabula, sikujua. Cheti changu kinasema nimesomea kompyuta, mikono yangu iliyashika matokeo yale, na sikuwahi kuyasoma. Kwangu yalikuwa nafasi kwenye diski. Nikamwambia, "Sijui, mama." Na hakuna mtu duniani atakayejua.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Wanawake saba, wale nilioweza kuwapata. Wawili walinifukuza, mmoja alinipikia ugali na mlenda, wengine walisikiliza tu. Mdogo wake Bi Holo alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akafunga kanga vizuri, akaelekea sokoni akiniacha mimi uani na kuku wake. Zile kadi zangu za mshauri nilizichoma niliporudi, na tangu hapo unaniona nafundisha watoto kompyuta hapa nyuma ya soko na kuwasumbua wazazi wao kwamba kila mtoto awe na jina lake.

Sasa utasema mama yangu ni jasiri, ameamua kuniambia. Usinivalishe nguo isiyo yangu. Miaka yote hiyo nilikuwa na nafasi ya kukwambia, na sikusema. Mwezi uliopita, ukiwa umekwenda kuchota maji, simu yangu iliita. Ilikuwa ni Restituta.

"Nimeona jina la ubini kwenye maombi. Huyu Mabula ni wako?"

"Ni wangu."

"Kwenye usaili nilimuuliza atafanya nini akikataliwa neno la siri la ruti. Akasema hajui, lakini yuko tayari kujifunza. Wenzake wote walisema watalipata tu. Namchukua yeye. Si kwa ajili yako."

"Nimeelewa."

"Lakini awe anajua kabla hajaingia kwangu. Sitaki kufanya kazi na mtoto wa mtu huku nimebeba siri ya mama yake. Ukishindwa kumwambia, nitajua siku ya kwanza, nitamrudisha kwa basi la kesho yake."

Nimekaa na simu hiyo wiki nne. Nimekupikia, nimekufulia, nimekushonea begi lililokuwa zima. Leo ni siku ya mwisho, nje nasikia unaagana na mtu pale kwenye bomba, na ndiyo kwanza namaliza.

Kwa hiyo ukifika, mwamkie, mwambie wewe ni mtoto wa nani kabla hajauliza. Akikuuliza kama nimekueleza, sema ndiyo, yote. Akikuuliza kama nilikueleza kwa hiari yangu, sema hapana, alisukumwa. Hiyo nayo ni sehemu ya ukweli, na sitaki uanze kazi kwa kunifunika.

Na ukiamua kutonipigia simu kwa muda, nitaelewa. Nitakuwepo.

Mimi niliyefuta,
Mama yako, Ester